Barua ya wazi: Naomba kuandikishwa mnyamapori

Kumb. Na.: (ofisi itajaza)

Kwa Mheshimiwa Mtunza Orodha ya Wanyama,
Ofisi Inayohusika,
Porini.

YAH: MAOMBI YA KUANDIKISHWA KATIKA ORODHA YA WANYAMAPORI WA SERENGETI

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni raia wa Tanzania, mkazi wa Mwanza, baba wa watoto watatu, mlipa kodi kwa hiari na mara nyingine kwa kukamatwa. Naomba niingizwe, pamoja na mke wangu, watoto na mama mkwe, katika orodha ya wanyamapori wa Serengeti. Sitafuti cheo kikubwa. Simba, tembo, chui, nyati na faru wana nafasi zao na siwaonei wivu. Hata nikiwekwa chini ya pimbi nitashukuru, maana pimbi wa Seronera ana kambi ya umma iliyopewa jina lake. Nguchiro anayo. Nyani, pamoja na tabia zake zote tunazozijua, naye anayo.

Sababu za maombi haya nazieleza hapa chini.

Kwanza, nimechunguza nikaona kwamba huko Serengeti, aliyehesabiwa ndiye anayetunzwa. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walizunguka angani kwa kindege kilichopakwa mistari ya pundamilia, wakahesabu nyumbu takriban laki moja. Waliokuja baada yao wakahesabu tena mwaka 1961, wakapata kama laki mbili na nusu. Ng'ombe wa vijiji vya jirani wakachanjwa sotoka, ugonjwa ukatoweka porini, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa wamepita milioni moja. Simba wanafuatiliwa na watafiti tangu mwaka 1966, kila mmoja akitambuliwa kwa vidoa vya kwenye mashina ya ndevu zake. Fisi wanafuatiliwa tangu 1987, nao kwa madoa ya mwilini. Inajulikana nani mtoto wa nani, na nani amerithi cheo cha mama yake. Mwaka 2010 zikaanza kutegwa kamera 225 vichakani, ili hata nungunungu anayepita saa nane za usiku kwa shughuli zake binafsi apate picha.

Mimi langoni nilihesabiwa, sitadhulumu ukweli. Tuliingilia lango la Ndabaka mwishoni mwa Juni, shule zimefungwa, tukaandikwa: watu wazima watatu, watoto watatu, gari moja. Kiingilio cha mtu mzima raia kilikuwa shilingi 10,000 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, bei ambayo mgeni aliyeniuliza alidhani nimesahau sifuri. Nililipa kwa simu, risiti ninayo. Tukapita ukanda wa magharibi, mbung'o wakatukagua mmoja mmoja, na nyumbu waliokuwa upande wa mto Grumeti wakatutazama bila mshangao wowote. Mpaka hapo nilikuwepo.

Nilitoweka nilipofika kambini Seronera.

Pili, basi, ni ushahidi wa kutoweka kwangu. Mheshimiwa unaijua kambi ya umma msimu wa wageni ukianza. Mahema yamepangwa kamba juu ya kamba, na ukienda haja usiku unaruka kamba za mataifa sita. Landkruza zimejipanga pua kwa pua. Kambi haina uzio. Chenye uzio ni jiko: banda la nondo na wavu ambamo binadamu hujifungia apike na ale, huku nyani wakitazama kutoka nje. Nyani hao wanalipa kiingilio gani, na kama wao pia wanakatwa kodi ya asilimia 18, ni swali la siku nyingine.

Nilikuwa napigilia mambo za hema aliponijia kijana mmoja mchangamfu, dereva wa kampuni ya utalii.

"Kaka, uko na kampuni gani?"

"Niko na familia."

"Sawa, familia ya wageni. Kampuni gani?"

"Familia yangu."

Akanitazama. Akaitazama gari yangu yenye kiti cha mtoto na ndizi za Bunda kwenye dashibodi. Kisha akamwona mama mkwe, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo akichambua dagaa, uso wake ukang'aa kwa kuelewa.

"Aa! Kwa hiyo yule mama ndiye mpishi."

Mheshimiwa, kijana huyu hakuwa na ubaya. Alimwamkia mama mkwe shikamoo kwa adabu zote, akaitikiwa marahaba, na baadaye akatuazima nyundo. Kosa si lake. Katika kambi ile kuna aina mbili tu za binadamu: wanaohudumiwa na wanaohudumu. Ukiwa na sura yangu, na huna kitambulisho cha kampuni shingoni, utatafutiwa kampuni mpaka ipatikane. Jioni hiyohiyo mgeni mmoja mwenye kofia pana aliniuliza kwa upole chai itakuwa tayari saa ngapi. Nikamwambia nusu saa. Baada ya nusu saa akaja na kikombe, tukamimina. Mama mkwe alisema mgeni ni mgeni hata akikosea mlango, akamwongezea na kipande cha muhogo. Alipoondoka alitaka kunipa bakshishi. Nikaikataa kwa uchungu mkubwa, maana watoto walikuwa wanaitazama.

Tatu ni suala la meza. Jiko la umma, kama jina lilivyo, ni la umma. Lakini saa tisa alasiri, kabla magari hayajarudi kutoka mizungukoni, masanduku ya kampuni yameshazikalia meza zote, na juu ya kila sanduku ameketi mpishi. Wapishi hawa siwalaumu hata kidogo. Mtu anayetoa bisi na chai saa kumi, supu ya maboga saa moja, kisha samaki, mboga tatu na keki ya kuzaliwa, vyote kwa mitungi miwili ya gesi, kwa wageni kumi na wawili wenye mizio kumi na mitatu, anastahili nishani siku ya Muungano. Ninachosema ni kwamba mimi na mtungi wangu wa kilo sita tulisimama mlangoni pa banda tukisubiri, na kila aliyepita alinikabidhi kitu: sinia, karoti, ndoo tupu. Nilipopata kona ya meza nilikuwa nimeshaosha vyombo vya kampuni mbili. Hapo ndipo nyani mmoja, mzee wa makamo, alipopitisha mkono kwenye pengo la wavu akachukua nyanya zetu. Sisi sita pekee tulipiga kelele. Wengine walidhani ni sehemu ya huduma.

Nne, na hili Mheshimiwa naomba ulipe uzito, tumeshapigwa picha. Tulipoanza kusonga ugali, wageni wawili walisimama umbali wa heshima, wakatoa kamera zenye lenzi ndefu za kupigia chui, wakapiga. Mmoja aliinama ili ampate mama mkwe na mwiko katika mwanga wa jioni. Watoto wakajificha nyuma ya gari, jambo lililowafurahisha zaidi, kwa sababu mnyama anayejificha ana thamani kuliko anayejianika. Kwa hiyo kazi ya uwandani imekwisha. Tumeonekana, tumetulia, tumekula, tumenaswa kwenye kamera. Kilichobaki ni makaratasi.

Ili kukurahisishia, nimejaza mwenyewe maelezo ya spishi:

Jina: Mtalii wa Ndani. Husikika sana redioni na kwenye hotuba, huonekana kwa nadra.

Makazi: Miji na vijiji vinavyoizunguka hifadhi, pamoja na sehemu nyingine za nchi. Wengi wao wameiona Serengeti kupitia dirisha la basi linalokatiza kati ya Musoma na Arusha, wakiwa wamepakata kuku.

Msimu wa kuhama: Shule zikifungwa, mshahara ukiwa umeingia, na msiba usipotokea katikati.

Chakula: Ugali, dagaa, mihogo ya kuchemsha, mayai yaliyopikwa nyumbani kwa hofu ya kukosa meza.

Sauti: "Shikamoo," "samahani naomba kupita," na wakati wa mashaka, "mimi si wa kampuni."

Mavazi: Ya kawaida. Hana suruali ya kaki yenye mifuko mingi, na hili limeleta utata mkubwa katika utambuzi wake.

Uzazi: Haujachunguzwa kambini, kwa sababu hema la jirani liko umbali wa mkono.

Adui wa asili: Saa. Kibali cha kuingia hudumu saa 24, na saa huanza kuhesabiwa langoni. Kutoka Ndabaka hadi Seronera ni safari ya zaidi ya kilomita 100 za vumbi, mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa, na usiku magari hayaruhusiwi kutembea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya muda ambao spishi hii imeulipia huutumia kuja na kurudi. Nyumbu huuvuka Grumeti akiogopa mamba, Mtalii wa Ndani huupita akitazama simu yake kuona zimebaki dakika ngapi.

Hali ya uhifadhi: Anahamasishwa sana. Hajalindwa.

Nakiri, Mheshimiwa, kwamba kuna wakati mmoja tu kambini ambapo tofauti zote zilifutika, nao ni usiku. Taa zikazimwa, tochi za kichwani zikaisha kuzunguka, na kukoroma kukaanza. Walikoroma Wajerumani, wakakoroma Wachina, akakoroma mama mkwe akawazidi wote. Kisha fisi wakaanza kuitana, kwanza mbali, halafu karibu, halafu nikasikia mmoja akinusa pembeni ya hema letu. Kambi nzima ikanyamaza. Hakuna aliyekuwa na kampuni wakati ule. Asubuhi kiatu changu cha kushoto kilikuwa kimechukuliwa, na cha mgeni mwenye kofia pana pia kimechukuliwa. Fisi hakuuliza nani analipa kwa dola na nani kwa shilingi. Katika ziara nzima, huyo ndiye mwenyeji pekee aliyenitendea kama mpiga kambi.

Sasa naomba niache mzaha kwa aya moja, halafu nitaurudia.

Mwaka 1951 Serengeti ilipokuwa hifadhi ya taifa, watu walikuwemo ndani. Mwaka 1959 ikatenganishwa na Ngorongoro, na Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya mipaka mipya wakahamishwa. Upande wetu wa magharibi, Waikoma, Wanata, Wasukuma na wengine waliozoea kuingia kuwinda wakaanza kuitwa majangili. Tangu hapo mwenyeji ameruhusiwa kurudi porini kwa sura chache zinazojulikana: askari mwenye bunduki, dereva mwenye usukani, mpishi mwenye sufuria. Ni kazi za heshima, na nyumba nyingi za Arusha, Karatu na Mugumu zimejengwa kwazo. Lakini zote ni kazi. Sura ya mwenyeji aliyekaa tu, hana zamu, hana mgeni wa kumsubiri, anamtazama twiga kwa sababu twiga anapendeza kutazama, hiyo bado haijachorwa. Ndiyo maana yule kijana alipomwona mama mkwe ameketi juu ya ndoo alianza kwa kumtafutia mwajiri. Serengeti ni urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Sina ugomvi na dunia. Nauliza tu kama miongoni mwa warithi kuna jina la mtu wa Bunda.

Baada ya hayo, maombi yangu ni haya:

1. Ipatikane kona ya kambi yenye jina letu. Isipowezekana, tupewe ubia na pimbi. Nimemwona, ni mtu wa kuelewana naye.

2. Meza moja katika kila jiko iandikwe "Wasio na Kampuni." Iwe hata ile yenye ufa. Atakayeweka sanduku juu yake bila idhini, nyani wapewe taarifa.

3. Mahema, magodoro na mitungi ya gesi vikodishwe langoni, kwa shilingi. Raia wa kawaida hana hema. Akilinunua kwa ajili ya safari moja, litabaki kuwa chandarua ghali cha kuanikia mpunga. Jambo hili, Mheshimiwa, halina kejeli ndani yake, unaweza kulikata ukalibandika ukutani.

4. Walau mwisho wa juma mmoja katika mwezi liwepo basi la kutoka Mwanza na Musoma linaloingia hifadhini kwa nia ya kusimama. Mabasi yanayokatiza yapo, na abiria wake wana macho. Kinachokosekana ni breki.

5. Kibali cha anayelala kambini kianze kuhesabiwa anapofika kambini. Hapo tutaangalia simba bila kuangalia saa.

6. Mama mkwe afungwe kola ya redio kama tembo. Ombi hili ni la mke wangu. Choo kiko mbali na hema, usiku ni mrefu, na yeye haongozwi na mtu.

Najua utakavyonijibu, kwa kuwa jibu lenyewe nimelipata kwa watu wengi wenye nia njema. Utaniambia ningekwenda na kampuni. Nilizitazama bei zao. Zilikuwa kwa dola, kwa mtu, kwa siku. Nilipozidisha kwa watu sita nilipata kiwanja Kisesa, chenye hati. Nilimweleza mama mkwe, akaniuliza kama kwenye kiwanja hicho kutakuwa na twiga. Nikasema hapana. Akasema basi twende na dagaa zetu.

Au utaniambia kambi za umma zimewekwa kwa ajili ya kila mtu, na hakuna kanuni inayomzuia raia. Ni kweli kabisa. Hakuna kanuni pia inayomzuia kuku kuingia mbio za farasi. Kutokatazwa ni mwanzo mzuri, lakini hakujapata kumpa mtu mahali pa kuweka sufuria. Mlango uko wazi, na kila kilichopo nyuma ya mlango kimepimwa kwa mtu anayefika akiwa na mpishi, dereva, hema, meza ya kukunja na ratiba iliyochapwa. Mwenye hivyo vyote akipita, mambo yanakwenda sawasawa. Asiye navyo akipita, anakabidhiwa karoti amenye.

Au pengine utakaa kimya, kama ilivyo desturi, na barua hii itawekwa kwenye faili na faili kwenye kabati. Nitaridhika hata na hilo. Kuwekwa kwenye faili ni hatua ya kwanza ya kuhesabiwa. Nyumbu nao walianza hivyohivyo, na leo wakitaka kuvuka barabara magari yanasimama.

Tutarudi shule zikifungwa tena, uwe umejibu au hujajibu. Tutakuja na ndoo, mwiko na mtungi uleule, na safari hii watoto wameandaa vitambulisho vya kuvaa shingoni. Wamebuni kampuni. Mkurugenzi ni mtoto wa mwisho, ambaye hajaanza darasa la kwanza, na mama mkwe ameajiriwa rasmi kama mgeni. Nimeona kwa jinsi kambi ilivyo, hiyo ndiyo njia nyepesi ya kumpatia kiti.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika foleni ya jiko,

Mtalii wa Ndani
(jina kamili liko kwenye risiti)

Nakala kwa:

Wapishi wa kampuni zote – kwa taarifa. Keki ilikuwa nzuri. Mwiko mmoja wa mninga umebaki kwenu, mwenyewe anauulizia.

Mgeni mwenye kofia pana – kwa taarifa. Chai bado ipo, na bakshishi yako sasa tumeifikiria upya.

Ukoo wa fisi wa jirani na kambi – kwa utekelezaji. Kiatu cha kulia mlichokiacha hakina kazi tena. Kiko Mwanza, mje na kibali.